JOTO LIBAKIALO BAADA YA KINU KUZIMWA

Sisi wa Bariadi twakijua sana kinu cha kuchambua pamba. Mtambo ukizimwa kazi imekwisha. Fundi hufunga mlango akaenda zake. Kinu cha nyuklia, kitoacho umeme kwa kupasua atomi za urani, sivyo kilivyo.

Vyuma vya kuzuia vikiingizwa ndani yake, upasukaji wa atomi hukoma. Lakini vipande vya atomi zilizokwisha kupasuka havijatulia: huendelea kutoa mionzi, nayo hugeuka joto. Makaa ya jikoni huzimwa kwa maji. Joto hili halizimiki. Hupungua lenyewe polepole.

Je, laweza kukadiriwa? Naam, kwa hesabu ya darasani. Ikiwa kinu kimefanya kazi muda mrefu, sekunde 1 baada ya kuzimwa joto huwa kadiri ya asilimia 6.6 ya nguvu yake. Kisha, kila muda ukizidishwa mara 32, joto hupungua nusu. Sekunde ya 32 ni asilimia 3.3, sekunde ya 1,024, yaani dakika 17, ni 1.65, na baada ya muda wa saa 9 hivi, ni karibu 0.8.

Tuijaribu hesabu hii. Kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, ulioitwa Leopoldville wakati huo. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Dakika 17 baada ya kuzimwa, joto lake halikufika hata kilowati 1, kama la jiko dogo la umeme.

Sasa tutazame kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi, Japani, chenye megawati 1,380 za joto. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilipotokea, kilijizima vizuri. Muda usiofika saa moja baadaye, mawimbi makubwa ya bahari yaliharibu mitambo ya umeme wa akiba, na njia za kukipoza zikakatika. Baada ya saa 9, hesabu yetu yatoa megawati 11. Joto hilo hugeuza kuwa mvuke lita 5 za maji yachemkayo kila sekunde, yaani debe moja kila sekunde 4. Maji yalikwisha, fueli ikayeyuka. Vinu viwili jirani vikapatwa na hayo hayo.

Urani ipo nchini kwetu, Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Siku ikija ya kuchagua mahali pa kujenga kinu, hapana budi kuuliza kwanza: maji yatatoka wapi, na umeme ukikatika yatasukumwa na nini? Hapa Simiyu, ambako wakati wa kiangazi maji huhesabiwa kwa madebe, swali hilo kila mtu alielewa.