Msimsafirishe Mama ili Mmwage Vitu Vyake

"Daktari, mama yetu amejaza nyumba. Tukimpeleka kwa dada Moshi wiki mbili, tukakodi fuso, tukasomba takataka zote, akirudi akakuta nyumba nyeupe, si atakuwa amepona?"

Mwezi huu pekee nimeulizwa hivyo mara tatu, na mmoja wa waulizaji alikuwa ameshalipia gari. Jibu ni hapana. Hatapona, na mara nyingi hali itazidi. Nimechoka kulitoa jibu hili baada ya fuso kuondoka, ndiyo maana naliandika.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Simsemi bibi mwenye madumu kumi uani; kwa mgao wa maji tulionao, asiye na madumu ndiye wa kuhurumiwa. Ninayemsema ni mtu ambaye kutupa kitu chochote kunamuumiza, na vitu vimepanda hadi vyumba vimeacha kufanya kazi yake: kitanda hakilaliki, jiko halifikiki, bafu limegeuka stoo. Hayo ni maradhi. Madaktari wa akili wa Marekani waliyapa nafasi yake yenyewe katika mwongozo wao mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeyaweka katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Si uchoyo, si uvivu. Wala msiniambie ni foleni za sukari za miaka ya 1980. Kizazi kizima kilipanga foleni zile, na wengi wao nyumba zao zinapitika vizuri.

Sasa hilo fuso. Hesabu ya ndugu ni kwamba ugonjwa umo kwenye vitu, basi vitu vikitoka nao umetoka. Hiyo ni sawa na kumfuta jasho mgonjwa wa malaria ukatangaza kuwa amepona. Ugonjwa umo kwenye kuamua. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio moja: waliwaweka watu wenye hali hii kwenye mashine ya MRI, wakawaonyesha karatasi, baadhi zao wenyewe na baadhi za watu wengine, wakawataka waamue ipi ibaki na ipi ichanwe. Kwa karatasi za wengine, sehemu za ubongo zinazopima umuhimu wa jambo zilifanya kazi chini ya kawaida. Kwa karatasi zao wenyewe, sehemu hizo hizo zilichemka kupita kiasi. Fuso halibebi ubongo.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kwangu na mfuko wa rambo umejaa vyombo vya jikoni. Nikamwomba achague kitu kimoja tu cha kutupa. Akatoa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, cha plastiki ya njano, kimepasuka ukingoni. Akakigeuza. Akakifuta kwa pindo la kanga. "Na kopo lake likipatikana je?" Akakirudisha mfukoni, akakitoa tena. Kijasho kikamtoka. Zikapita dakika kumi na moja kwa kifuniko kimoja, kisha kikarudi mfukoni.

Mama huyo wanawe walikuwa wameshamsombea nyumba nzima miezi minane kabla. Alirudi kutoka safari akakuta sakafu tupu. Hakupiga kelele wala hakumlaani mtu, alibadilisha kitasa. Sebule ikajaa upya, na safari hii hakuna mwana aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti. Katikati ya magazeti waliyoyaita takataka ilikuwamo hati ya kiwanja, nayo ikaenda dampo. Alichojifunza ni kwamba akitoka tu, wanawe watamwibia. Sasa nani ataingia mle kumtazama akiugua?

Na kumtazama ni lazima, maana nyumba ya namna ile inaua. Mbu wa dengue hutaga mayai kwenye vikopo, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi yakingoja mvua. Panya huleta homa ya mgunda. Jiko la mkaa likiwa kando ya rundo la magazeti, moto ukizuka hakuna pa kutokea. New York mwaka 1947, Langley Collyer alifukiwa na marundo yake mwenyewe. Kaka yake Homer, kipofu aliyepooza na aliyekuwa akilishwa naye, akafa kwa kukosa wa kumhudumia. Zilitolewa zaidi ya tani 100 za vitu, na ilichukua zaidi ya wiki mbili kuukuta mwili wa Langley, hatua chache tu kutoka alipokutwa Homer.

Basi mfanye nini? Anzeni na usalama: njia ya mlangoni, jiko, choo, kitanda. Vikopo vya nje vifunikwe au vilazwe kifudifudi. Msitamke neno "takataka" mbele yake. Mwamuzi awe yeye, kila kitu, hata ikichukua dakika kumi na moja. Chagueni aina moja kwa siku, magazeti leo, chupa kesho, na mkubaliane vipya visiingie. Kama ameanza ghafla uzeeni, mpelekeni hospitali apimwe kumbukumbu. Kama ana sonona, itibiwe. Kidonge maalumu cha maradhi haya hakuna. Kilichothibitika kusaidia ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kuamua na kuachilia, wiki kwa wiki, kwa miezi, na baadhi ya vikao vifanyike nyumbani kwake. Ulizieni kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wenu.

Na kama fuso mmeshalikodi, lighairini leo.