Kusoma Santuri kwa Kipimo cha Mnyumbuko

Waya wa madini ukivutwa hurefuka kidogo na kuwa mwembamba zaidi, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alilionyesha jambo hilo mwaka 1856 kwa nyaya za shaba na za chuma. Juu ya msingi huo kimejengwa kipimo cha mnyumbuko, yaani kifaa kinachopima badiliko dogo la urefu kwa kupima badiliko la ukinzani. Mizani nyingi za elektroniki zilizomo madukani mwetu hutumia kipimo hicho. Katika makala haya tutaeleza jinsi kinavyoweza kusoma santuri, na jinsi ya kutengeneza kikuza chake cha awali, yaani saketi inayoongeza nguvu ya ishara dhaifu kabla haijafika kwenye kikuza kikuu.

Mwaka 1954 mtafiti Charles S. Smith alieleza kwamba silikoni na gerimani hubadilisha ukinzani kwa kiasi kikubwa mno kuliko madini ya kawaida zinapobanwa au kuvutwa. Ugunduzi huo uliwezesha kipande kidogo cha nusukipitishi kufungwa penye mkono wa sindano ya gramafoni. Katika miaka ya 1970 vichwa vya namna hiyo vilitengenezwa Japani, na katika karne hii kampuni ya Soundsmith ya Marekani imevirudisha sokoni.

Sasa tukilinganishe kichwa hiki na kile cha kawaida chenye sumaku. Kwa mujibu wa kanuni ya Faraday, kichwa cha sumaku hutoa volteji inayolingana na kasi ya mwendo wa sindano. Sindano isiposogea, volteji ni sifuri. Kipimo cha mnyumbuko hufuata umbali ambao sindano imesogea kutoka mahali pake pa kawaida. Tena, hakizalishi umeme wowote. Hapana budi kipitishiwe mkondo kutoka nje. Tofauti hizi mbili ndizo zinazoamua umbo la kikuza chetu.

Tuanze na mkondo. Tuchukue mfano wa kipimo chenye ukinzani wa omu 500, kinachopitishiwa miliampea 5. Volteji ya daima juu yake ni volti 2.5. Ikiwa mtetemo wa sindano unabadilisha ukinzani kwa omu 1, ishara tunayoipata ni milivolti 5 tu. Hapa ndipo penye hatari. Mkondo wenyewe ukiyumba kwa sehemu 1 katika 1,000, volteji itayumba kwa milivolti 2.5, yaani nusu ya ishara yetu! Kipimo hakiwezi kutofautisha muziki na ubovu wa chanzo cha umeme.

Mwandishi alijifunza somo hili kwa aibu alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Alitumia chanzo kilichopata umeme wake kutoka ukutani, akasikia mvumo mzito kuliko muziki. Kwa siku mbili alikilaumu kichwa cha sindano, kumbe kichwa kilikuwa kikisema kweli juu ya chanzo kibaya. Betri mbili za volti 9 zilizounganishwa mfululizo huondoa taabu hiyo. Kila upande wa stereo upewe kikinza chake cha omu 3,100, ili ishara za kushoto na kulia zisichanganyike. Mkondo utakuwa miliampea 5, na ishara itapungua kidogo tu, iwe milivolti 4 hivi. Kisha kapasita ya mikrofaradi 1, ikifuatwa na kikinza cha omu 47,000 kinachokwenda ardhini, itazuia volti 2.5 za daima na kupitisha mitetemo inayozidi hezi 3.4.

Jambo la pili ni usawazishaji. Tangu mwaka 1954 santuri zimekuwa zikichongwa kwa kufuata kanuni ya RIAA ya Marekani. Kwa ufupi, kati ya hezi 50 na 500 umbali wa mtetemo haubadiliki. Kati ya 500 na 2,122 umbali hupungua kadiri frikwensi inavyoongezeka. Na juu ya hapo haubadiliki tena. Kikuza cha kichwa cha sumaku hulazimika kukuza sauti nzito za hezi 20 karibu mara 90 kuliko sauti nyembamba za hezi 20,000. Kichwa chetu, kwa kuwa kinasoma umbali, kinahitaji ngazi moja tu: sauti nyembamba zikuzwe mara 4.2 kuliko sauti nzito. Ndiyo sababu tukikiunganisha na kikuza cha kawaida cha santuri, sauti nzito zitafurika na nyembamba zitafifia.

Ngazi hiyo ni rahisi kuijenga. Kikinza cha omu 33,000 kiunganishwe sambamba na kapasita ya nanofaradi 10, na ishara ipite humo. Mwishoni mwa jozi hiyo kiwekwe kikinza cha omu 10,000 kinachokwenda ardhini. Kapasita huzipinga sauti nzito, hivyo robo hivi tu ya volteji yake hupita. Sauti nyembamba hupita karibu zote. Mipinda ya ngazi itaangukia kwenye hezi 480 na 2,070, karibu kabisa na kanuni. Tukiweka hatua ya kukuza mara 20 kabla ya ngazi na nyingine kama hiyo baada yake, milivolti 4 za sauti nzito zitafikia takriban volti 0.4, kiasi kinachotosha kikuza kikuu.

Vichwa vya namna hii ni ghali, na shule nyingi hazitavipata. Lakini mwalimu aweza kuvitoa vipimo vya mnyumbuko katika mizani mbovu ya kupimia uzito wa watu, akavipitishia mkondo kutoka kwenye betri, na kuwaonyesha wanafunzi jinsi volteji inavyobadilika kwa kubonyezwa na kidole. Kisha abadili betri kwa chanzo cha ukutani, nao wapime tofauti. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo, kila apewapo chombo kipya, atauliza kwanza: chombo hiki kinapima nini hasa, na nini kingine kinaweza kujifanya kuwa ndicho kinachopimwa?