Lulu au Ushanga? Neno Moja la Mathayo 13 na Safari Yake Hadi Karagwe

Hutokea katika sharika zinazotuzunguka hapa Nyakahanga kwamba mahubiri yatolewe kwa Kiswahili, na mzee mmoja wa kanisa asimame kando ya mhubiri akiyageuza kwa Kinyambo kwa ajili ya kina bibi na kina babu. Siku somo linapokuwa Mathayo 13:45-46, mkalimani hufika kwenye neno "lulu" akasita. Yeye mwenyewe hajapata kuiona lulu. Basi hushika neno lililo karibu, *enkwanzi*, yaani shanga, na ibada huendelea bila mtu kushtuka. Nasi hatukushtuka kwa muda mrefu. Lakini tukiutazama mfano huo kwa masikio ya mzee wa Karagwe, tutaona kwamba katika nukta hiyo moja Injili imegeuzwa kuwa hadithi ya mtu aliyepunjwa.

Karagwe iliijua biashara ya shanga kabla ya kulijua Neno. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, walikuwa wamelipia njia yao kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Pale Kafuro, ambapo Stanley alipita mwaka 1876, wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani walikuwa na kituo chao, wakileta bidhaa kutoka Unyanyembe na kuondoka na pembe za ndovu. Shanga zilihesabiwa kwa kete, yaani uzi mmoja mmoja, kwa kuwa ushanga mmoja peke yake haukununua kitu. Thamani ya shanga ilikuwa katika wingi wake. Sasa mwambie mjukuu wa watu hao kwamba mtu mmoja aliuza vyote alivyokuwa navyo ili apate ushanga mmoja. Atatikisa kichwa kwa kumhurumia, na atakuwa na haki.

Tumejiuliza kosa hili lilianzia wapi, nasi hatudhani kwamba wa kulaumiwa ni mkalimani peke yake. Wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910 walikuwa Wajerumani, na Kijerumani kina neno moja tu, *Perle*, kwa lulu na kwa ushanga. Waliofuata walikuwa Waswidi, ambao husema *pärla* kwa vyote viwili, na Wadani, ambao husema *perle*. Hata Wafini, walimu wa Walutheri wengi wa nchi hii, wana *helmi*, nalo lina maana hizo hizo mbili. Ni ajabu kwamba karibu kila taifa lililotuletea Katekisimu ya Luther lilitujia na lugha isiyotenganisha lulu na ushanga! Miaka ya 1990 Askofu Martin Lönnebo wa Uswidi alitunga duara la shanga 18 za kumsaidia mtu kusali. Wajerumani waliliita kwa jina lenye maana ya "lulu za imani", ingawa hakuna lulu hata moja ndani yake.

Waingereza wao wanatenganisha, *pearl* na *bead*, lakini kwa njia ya kuchekesha. *Bead* zamani lilikuwa na maana ya sala. Kwa kuwa watu walihesabu sala zao kwa punje zilizotungwa katika uzi, jina la sala likahamia kwenye punje.

Neno *perle* lenyewe halitoki katika Agano Jipya. Mathayo aliandika kwa Kiyunani *margarites*, na Walatini wakasema *margarita*. Wala Wayunani hawakulibuni. Walilipokea kutoka mashariki, upande wa Uajemi, ambako hata leo lulu huitwa *morvarid*. Katika lugha nyingi za magharibi *margarita* likasukumwa pembeni na mgeni mwingine, *perla*, likabaki kuwa jina la ua kwa Wafaransa, na jina la ubatizo kwa ulimwengu mzima. Kila Magreth aliyeandikwa katika vitabu vyetu vya ubatizo anaitwa Lulu bila kujua, na mara nyingine wawili hao huketi benchi moja la kipaimara. Warumania ni miongoni mwa wachache walioshika neno la kale, *mărgăritar*.

Kuhusu asili ya *perla*, wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kilatini *perna*, paja la nguruwe, kwa sababu palikuwa na chaza aliyefanana nalo kwa umbo. Kama ndivyo, basi lulu na nguruwe wa Mathayo 7:6 wamekutana ndani ya neno moja pasipo mtu kukusudia. Upande wa mashariki ya Ulaya mambo ni mengine kabisa: Warusi husema *zhemchug* na Wahungari *gyöngy*, maneno yaliyopitia kwa Waturuki yakitokea Uchina. Nao Wahispania, pamoja na *perla*, wana *aljófar* kwa lulu ndogo ndogo, neno walilolipata kwa Waarabu. Msomaji wa Kiswahili atamtambua ndugu yake mara moja, kwani ni "johari" yetu.

Yatupasa kukaa kidogo na Wagermani wa kale, maana hali yao ilifanana na yetu. Wulfila alipowatafsiria Wagothi Biblia katika karne ya 4, aliandika *marikreitus*, neno la Kiyunani lililovaa sauti za kwao. Waingereza wa kale walikwenda mbali zaidi. Waliposikia *margarita*, walisikia ndani yake maneno yao wenyewe, *mere*, bahari, na *grot*, punje, wakasema *meregrot*: punje ya bahari. Kwa kanuni za isimu walikosea, kwa sababu neno halikutoka huko. Lakini msikilizaji wao alijua kwamba kitu hiki ni kidogo, na kwamba kimetoka mbali, majini. Sisi twaona kosa lile lilikuwa na faida kuliko usahihi mwingi.

Majirani zetu wamechagua njia mbili. Ng'ambo ya mto Kagera, Biblia ya Kinyarwanda husema *imaragarita*, neno la Mathayo lenyewe katika vazi la Kibantu. Kaskazini, Waganda husema *luulu*, neno la Kiarabu *lu'lu'* ambalo sisi tulilipata kwa watu wa pwani waliofanya biashara na Omani na Ghuba, kwenye wapiga mbizi wa lulu. Mnyambo anaweza kuyasikia yote mawili sokoni. Hatuoni sababu ya kuyakataa na kushika *enkwanzi*. Neno geni humlazimisha msikilizaji kuuliza. Neno lililozoeleka humruhusu kudhani ameelewa.

Mkalimani na aseme "lulu", kisha mhubiri aieleze. Katika kuieleza, Karagwe ina hazina ambayo Wittenberg haikuwa nayo. Mfanyabiashara wa mfano huu kwa Kiyunani ni *emporos*. Huyu si mwenye duka, ambaye Wayunani walimwita *kapelos*, bali ni mtu wa safari ndefu. Ni mtu wa Kafuro! Wazee wetu walimjua: alikuja na mizigo mingi ya vitu vya bei ndogo, akaondoka na pembe. Katika mfano wa Bwana mtu yule yule anafanya kinyume cha desturi yake yote. Hatoi kidogo ili apate kikubwa. Anauza mzigo mzima, wapagazi wakimshangaa, kwa ajili ya punje moja inayofichika kiganjani. Mzee wa Karagwe atastaajabu, na safari hii mshangao wake utakuwa ule uliokusudiwa.

Twaongeza neno moja kwa wanaohubiri harusini. Katika Mithali 31:10 Kiebrania kina *peninim*, neno ambalo maana yake bado inabishaniwa. Luther alilitafsiri kuwa lulu, Waingereza wa mwaka 1611 wakaandika kito chekundu cha yakuti, na Biblia yetu ya Kiswahili ina marijani. Marijani nayo hutoka baharini, na jina lake hutumika pia kwa shanga nyekundu. Kwa hiyo mkalimani akimgeuzia bibi arusi marijani kuwa *enkwanzi*, asikemewe kwa haraka. Aulizwe kwanza kama alimaanisha ushanga mmoja au kete nzima.