Kai-skweya: Kweli au Uongo?

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alichapisha jedwali dogo la visanduku vinne. Alikuwa amepima damu ya watoto 290 wa Kiganda, maeneo ya Kampala. Kati ya 43 waliobeba kinasaba cha selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokibeba, 113. Yaani asilimia 28 kwa 46. Kai-skweya, kipimo alichokibuni Karl Pearson mwaka 1900, inatoa 4.8 hivi, na mpaka uliozoeleka kwa jedwali la namna hii ni 3.84. Tofauti hiyo ni vigumu kuisingizia bahati tu. Basi tulitumie jedwali hilohilo kupimia yale wanafunzi wanayoambiana.

“Asilimia zinatosha, ziingize hizohizo.” Uongo, na ndio unaoniudhi kuliko yote. Andika 28 na 72 juu, 46 na 54 chini: kompyuta itapokea bila kunung'unika na kukupa karibu 7. Hakuna mtoto mmoja aliyeongezeka kupimwa, ila kundi la 43 limegeuzwa kuwa la 100. Kai-skweya inataka vichwa vilivyohesabiwa.

“Jibu likiwa kubwa, uhusiano ni mkubwa.” Uongo. Zidisha kila kisanduku mara mbili: asilimia hazisogei hata kidogo, lakini kai-skweya inapanda hadi 9.5. Inakua pamoja na sampuli. Nguvu ya uhusiano isome kwenye asilimia zenyewe, au kwenye V ya Cramér, ambayo hapa ni 0.13 kabla na baada ya kuzidisha.

“Kila kisanduku kiwe na watu 5 au zaidi.” Nusu kweli. Kinachoangaliwa ni idadi inayotarajiwa, si iliyohesabiwa. Wenye vimelea walikuwa 125 jumla; 125 mara 43, gawanya kwa 290, unapata 18.5 kwa kisanduku kile chenye watoto 12. Ikishuka chini ya 5, kimbilia kipimo cha Fisher.

“Ukivuka mpaka, chanzo umekipata.” Uongo. Allison mwenyewe hakuishia kwenye jedwali. Aliwaambukiza malaria watu wazima 30 waliojitolea, jambo ambalo kamati ya maadili ya leo isingelipitisha. Vimelea vilishika kwa 14 kati ya 15 wasio na kinasaba cha selimundu, na kwa 2 tu kati ya 15 walionacho.