Nyumba Juu ya Magurudumu: Matunzo na Zana Zake

Konokono hubeba nyumba yake mgongoni, na popote usiku unapomkuta amekwisha fika kwake. Binadamu naye aliitamani raha hiyo tangu zamani, na katika zama zetu ameipata kwa kuunganisha gari na nyumba vikawa kitu kimoja. Gari la namna hiyo lina kitanda, jiko, jokofu, meza na choo. Aliye nalo hulala mahali alipochoka, na asubuhi hushika njia pasipo kumlipa mwenye hoteli. Tofauti ni hii, kwamba nyumba ya konokono hukua na kujikarabati yenyewe, hali nyumba ya magurudumu hungoja mkono wa mwenyewe. Akizembea, huweza kupoteza nyumba na chombo cha safari kwa siku moja.

Nchini Marekani magari hayo yalienea sana baada ya mwaka 1966, wakati kampuni ya Winnebago, katika mji wa Forest City jimboni Iowa, ilipoanza kuyaunda kwa wingi na kwa bei ambayo watu wa kipato cha wastani waliiweza. Hapo kwanza wengi waliyanunua kwa ajili ya likizo na mapumziko ya uzeeni. Lakini baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wengine waliingia humo kwa kuwa walipoteza nyumba zao, au kwa kuwa pensheni haikutosha kulipa kodi ya pango. Habari za watu hao zilielezwa na mwandishi Jessica Bruder katika kitabu kiitwacho Nomadland, kilichotoka mwaka 2017, kisha zikatengenezewa filamu mwaka 2020. Kwa mtu wa namna hiyo gari bovu si usumbufu wa safari tu. Injini ikifa, naye amekosa mahali pa kulala.

MJI WA QUARTZSITE

Mahali pafaapo kujifunza maisha haya ni Quartzsite, mji mdogo katika jangwa la Arizona, usio mbali na mto Colorado. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakazi wake walikuwa 2,400 hivi. Lakini majira ya baridi yakifika, maelfu kwa maelfu ya magari-nyumba hushuka kutoka majimbo ya kaskazini na kutoka Kanada, yakikimbia theluji. Tangu mwaka 1983 serikali ya Marekani imetenga maeneo ya jangwani ambamo wageni huruhusiwa kukaa tangu tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, kwa kulipa ada ya msimu mzima. Hapo mtu hawekewi waya wa umeme wala bomba la maji mlangoni pake. Anachokuwa nacho ni kile alichokuja nacho.

Mji huo una kaburi ambalo askari yeyote atapenda kusikia habari zake. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kutoka nchi za Mashariki ili kujaribu kuwabebesha mizigo katika majangwa yake, na pamoja nao wakaja wachungaji wa ngamia. Mmoja wao aliitwa Haji Ali, na Wamarekani, kwa kushindwa kulitamka jina hilo, wakamwita Hi Jolly. Ngamia waliifanya kazi yao vizuri, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 jaribio hilo lilitupwa. Haji Ali alibaki huko huko, akafariki Quartzsite mwaka 1902, na mwaka 1935 juu ya kaburi lake pakajengwa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Mambo aliyoyapima yeye alipofunga mizigo ndiyo yale yale yanayopimwa leo na wenye magari-nyumba: uzito, maji, na umbali wa kituo kijacho.

UZITO

Kosa la kwanza la mgeni wa maisha haya ni kujaza vitu. Kila gari lina bamba linaloonyesha uzito wa juu lililoruhusiwa kubeba, pamoja na watu, mafuta na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi tangi la lita 150 likijaa ni sawa na kupakia watu wazima wawili ambao hawashuki kamwe. Ongeza mitungi ya gesi, betri, zana, vyakula na vyombo, na mara gari limevuka kiwango chake kabla ya nguo kuingia.

Gari lililozidiwa huchosha breki kwenye miteremko, huvunja springi, na hupasua matairi. Mwenye busara hulipeleka kwenye mizani ya malori likiwa limejaa kila kitu, si likiwa tupu. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na katikati ya gari, na vyepesi hupanda makabatini. Kila baada ya miezi michache hutoa vyote nje na kurudisha vile tu alivyovitumia, isipokuwa jeki, tairi la akiba, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Hivi hukaa garini hata visipoguswa mwaka mzima.

MAJI

Gari-nyumba huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la choo. Watu wawili waangalifu, wanaooga kwa kopo na kuosha vyombo kwa beseni, waweza kutumia lita 15 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, lita 150 zitawachukua siku kumi. Wakiacha bomba litiririke kama walivyozoea nyumbani, zitakwisha siku ya pili au ya tatu.

Tangi la maji safi halina budi kusafishwa kila mwanzo wa msimu. Hutiwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kiasi cha robo kikombe kwa kila lita 57 za maji. Kila bomba hufunguliwa hadi harufu ya klorini isikike, kisha maji huachwa humo kwa saa kadhaa kabla ya kumwagwa na kusuuzwa mara mbili au tatu. Mpira wa kujazia maji ya kunywa huwekwa mbali kabisa na mpira wa kumwagia maji machafu. Wala mikono iliyoshika huu haishiki ule kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Tangi la choo lina siri yake. Wengi huacha valvu yake wazi wakidhani wanajipunguzia kazi. Matokeo yake ni kwamba maji hutoka yote na uchafu mzito hubaki chini ukigandamana kama udongo wa matofali. Valvu na ifungwe mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo limwagwe mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Huanza tangi la choo, kisha hufuata tangi la jikoni, ili maji yake yasuuze mpira. Kumwaga uchafu huo vichakani ni kosa la kisheria na ni kuwaambukiza jirani.

UMEME

Betri ya nyumba hutengwa na betri ya kuwashia injini, ili mtu aliyesoma usiku kucha asishindwe kuondoka asubuhi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 yenye volti 12 hubeba wati-saa 1,200. Lakini ikikamuliwa kupita nusu mara kwa mara huzeeka upesi, basi iliyopo kweli ni wati-saa 600. Taa za wati 10 kwa saa tano hula 50. Feni ya wati 25 kwa saa nane hula 200. Redio na simu huchukua 50 nyingine. Jumla ni 300, na familia yaweza kukaa siku mbili pasipo kuona jua.

Sasa mtu alete birika la umeme la wati 1,000. Kwa nusu saa tu limekula wati-saa 500, karibu akiba yote. Kwa sababu hiyo vitu vinavyotoa joto havipewi betri, hupewa gesi. Paneli ya jua ya wati 100 yaweza kurudisha wati-saa 400 hivi kwa siku ya anga safi, mradi ifutwe vumbi na isitiwe kivuli. Betri za lithiamu ni nyepesi na hukubali kukamuliwa zaidi, ila bei yake ni kubwa, na hutaka chaja ya aina yake.

GESI, NA ADUI ASIYE NA HARUFU

Katika vyombo vyote vya gari-nyumba, hakuna kitakacho uangalifu kama gesi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hushuka sakafuni na kulala hapo kama maji, ikingoja cheche. Ndiyo maana kengele ya kugundua gesi hufungwa chini karibu na sakafu. Viungo vya mabomba hukaguliwa kwa povu la sabuni. Mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja, na kamwe pasipimwe kwa kiberiti. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta kila mwali huzimwa, hata ule wa jokofu.

Lakini adui mkubwa zaidi ni kaboni monoksidi. Hii ni hewa ya sumu itokayo kwa kila moto usiopata hewa ya kutosha, uwe wa gesi, wa mkaa, wa petroli au wa kuni. Haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa pumzi hali mtu anapumua. Usiku wa jangwani una baridi, na mtu hushawishika kufunga madirisha yote na kuacha jiko likiwaka ili apate joto, au kuwasha jenereta chini ya dirisha alalapo. Wengi waliofanya hivyo hawakuamka.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uzito wa viungo, navyo huwapata wote waliomo kwa wakati mmoja na kupungua wanapotoka nje. Dalili hizo zikionekana, watu watoke mara moja, waliolala wabebwe, na wapelekwe hospitali hata kama wamepata nafuu. Kinga ni kengele ya kaboni monoksidi iliyo nzima na isiyopita tarehe yake, dirisha lililoachwa wazi kidogo, na sheria isiyovunjwa kwamba jiko ni la kupikia, si la kuotea moto.

Somo hili haliwahusu wenye magari-nyumba peke yao. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani msimu wa baridi, hata likiwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi, hutoa sumu ile ile. Mama wa nyumbani na askari wa hemani na walijue hilo sawasawa na dereva wa Arizona.

PAA NA MATAIRI

Nyumba itikisikayo kila siku hufunguka viungo. Nyufa nyembamba za paani, kando ya madirisha na kuzunguka matundu ya hewa huingiza maji, na mbao za ndani huoza kwa muda mrefu kabla doa halijaonekana. Paa hukaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka, na kila ufa huzibwa kwa gundi yake maalumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari-nyumba ukuta mmoja waweza kugharimu zaidi ya injini.

Matairi nayo hudanganya. Gari linaloegeshwa miezi mingi juani huwa na matairi yenye kashata nzuri, kumbe mpira umekauka. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita hupelekwa kwa fundi kila mwaka, na lililofika miaka kumi hutupwa hata likionekana jipya. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, maana tairi lenye upepo haba hupata moto na kupasuka.

KABLA YA KUONDOKA

Waliozoea maisha haya hawaamini kumbukumbu. Huandika orodha na kuibandika mlangoni, na kila asubuhi ya safari huifuata, mmoja akisoma na mwingine akitenda:

1. Valvu ya gesi imefungwa, na miali yote imezimwa.
2. Makabati, droo na mlango wa jokofu vimefungwa.
3. Madirisha ya paani yameshushwa, na ngazi imekunjwa.
4. Oili, maji ya rejeta na upepo wa matairi vimepimwa.
5. Taa zote na breki zimejaribiwa.
6. Mtu amelizunguka gari kwa miguu na kutazama chini yake.

Kazi hiyo huchukua dakika kumi. Askari aliyelelewa katika ukaguzi wa gwaride na wa silaha hataiona ngeni. Familia inayohama kutoka kambi hata kambi pia hujua thamani ya kufunga mizigo kwa mpango na kupima kila kinachobebwa. Fedha kidogo iwekwe kando kila mwezi kwa ajili ya fundi, na zana chache zilizo imara zikae mahali pamoja, ili ziweze kushikwa hata gizani. Nyumba ya magurudumu itunzwapo hivyo humpa mwenyewe usingizi wa salama kila aendako, na asubuhi humwamsha ikiwa tayari kwa safari.