Kutoka Masisi hadi Kentucky: ukimya wa chuo unaomtatiza mgeni

Mwezi Agosti, siku chache kabla ya masomo kuanza, vyuo vingi katika miji midogo ya Marekani huwa kimya. Wanafunzi wengi hawajarudi, vijia havina watu, na kindi hupita karibu na miguu ya wageni bila hofu. Kwa kijana aliyekulia Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini, utulivu huo si rahisi kuuzoea. Huko kwao, soko likinyamaza asubuhi, mara nyingi ina maana kwamba watu wamekimbia.

Waasi wa M23 waliingia Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025. Goma ilianguka mwishoni mwa mwezi huo, na Machi 19 waasi wakafika Walikale-kati, kabla ya kuondoka mapema Aprili. Shule zilifungwa na familia nyingi zikahama zaidi ya mara moja.

Katika hali hiyo, kupata nafasi ya chuo Marekani ni mwanzo tu. Mwombaji hulipa dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni na dola 185 za maombi ya viza, kabla ya kufikiria nauli. Lazima pia athibitishe kwamba ana fedha za mwaka wa kwanza, ilhali benki za Goma zilifunga milango Januari 2025. Usaili hufanyika kwenye ubalozi wa Marekani, Kinshasa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa, hivyo wengi huzunguka kupitia Rwanda au Uganda ili kufika mji mkuu wa nchi yao wenyewe.

Mkongomani aliyejulikana zaidi kwa safari ya aina hiyo ni marehemu Dikembe Mutombo. Alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, akitaka kuwa daktari. Kiingereza alijifunzia hukohuko. Akawa nyota wa mpira wa kikapu, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ikafunguliwa. Mlango aliopitia sasa umefungwa: USAID ilivunjwa mwaka 2025.

Milango iliyobaki ni michache. Mmoja ni Chuo cha Berea, katika mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Chuo hicho chenye wanafunzi wapatao 1,500 hakitozi ada ya masomo tangu 1892, na kila mwaka huchukua wanafunzi wachache kutoka nje. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki: maktabani, jikoni, shambani, au kwenye karakana za kufuma nguo na kutengeneza mifagio.

Siku za kwanza katika chuo cha namna hii ni za kujifunza mambo madogo. Mtu akiuliza "hujambo?" njiani hasimami kungoja habari za nyumbani. Mgeni hutakiwa kwenda mapema katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni na pasipoti yake. Hata neno "silabusi" hubadilika maana. Kongo ni kijitabu cha masomo ambacho mwanafunzi hukinunua kwa mwalimu wake. Marekani ni ratiba ya somo, hutolewa bure, na tarehe zilizoandikwa humo hazina mchezo.

Maktabani kuna kompyuta zilizotengenezwa kwa madini ya aina ileile inayochimbwa kwao: koltani ya Rubaya, Masisi, na bati la Bisie, Walikale.

Mwendo wa gari usiozidi saa moja kutoka Berea uko mji wa Lexington, wenye jamii kubwa ya Wakongomani waliofika kama wakimbizi. Huko Kiswahili husikika shuleni na kanisani, na mgeni anaweza kupata ugali na watu wa kumwita "ndugu".

Mtihani mgumu zaidi huja kwa simu. Saa 12 jioni ya Kentucky wakati huo wa mwaka ni saa 6 usiku Masisi. Nyumbani wanaamini kwamba aliye Marekani ana pesa, na huenda wapo kambini bila chakula. Sheria inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Akitafuta kibarua cha siri nje ili atume dola nyumbani, anaweza kupoteza haki ya kubaki nchini humo. Kumwambia mama "subiri kidogo" ndilo somo ambalo halimo katika silabusi yoyote.