Ngombe dume gani abakie mu zizi? Ordinatere inaweza kusaidia

Tuseme uko na ngombe dume wawili. Mmoja iko na kilo 320, mwingine kilo 300, lakini mama ya huyu wa pili anazaa kila mwaka. Mnunuzi anafika toka Lubumbashi na franga mkononi, anataka ule mnene. Utauzisha nani, utabakisha nani?

Jibu linakawia. Mimba ya ngombe ni miezi tisa, na mtoto jike anangojea miaka miwili, mitatu ao zaidi mbele ya kuzaa. Kujaribu njia moja ya kuchagua kwa vizazi vitano kunaweza kula miaka 20. Njo maana watafiti wanatumia ordinatere: wanaunda kundi la ngombe la kufikiria, wanaweka kanuni ya kuchagua, kisha mashini inahesabu kizazi kwa kizazi. Wanarudilia mara nyingi, juu bahati isiwadanganye.

Njia tatu ni za zamani. Mu 1942, Hazel na Lush wa Marekani walizilinganisha kwa hesabu ya karatasi. Ya kwanza: unatengeneza sifa moja, uzito, kisha unapita ku ingine. Ya pili: unaweka kipimo kwa kila sifa, na mwenye kukosa kimoja anatoka. Ya tatu: kila sifa inapata alama kulingana na faida yake, na alama zinajumlishwa. Ya tatu njo ilikuwa na nguvu zaidi. Kule Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton walitumia ordinatere kulinganisha mipango ya kuboresha ngombe wa Boran.

Lakini usingojee miujiza. Ule wa kilo 320 anapita wenzake wa kilo 280 kwa kilo 40. Kama asilimia 30 ya tofauti inatoka mu damu, hiyo ni kilo 12, na dume anapitisha nusu tu: watoto wanaongeza kilo 6.

Ordinatere inaonyesha hatari pia: ukifuata alama peke yake, utabakisha ndugu wa damu moja, na uzazi utashuka. Dume asipande mabinti zake. Badilishana na jirani.

Anza na daftari: tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, uzito. Kisha uliza wataalamu, kwa mfano ku kitivo cha udaktari wa mifugo cha UNILU. Na kila mara ukiuzisha dume muzuri wa kwanza, ujue umeuzisha pia watoto wake.